Rimu Kubwa na Gari Lililoshushwa: Hesabu Ambayo Wamiliki Wengi Huifanya Nusu

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MTU akisimama jioni kando ya barabara yoyote ya mtaa yenye matuta jijini Dar es Salaam, iwe Sinza, Tabata au Kijitonyama, hatakaa muda mrefu kabla ya kushuhudia jambo hili. Gari la saluni, aghalabu Toyota Crown au Mark X, lenye rimu pana zinazong'aa na bodi iliyoinama karibu kugusa lami, linafika kwenye tuta, linasimama kabisa, kisha linalivuka kwa upande, gurudumu moja baada ya jingine, mithili ya kaa. Nyuma yake magari yanajipanga. Dereva wa daladala anapiga honi. Bodaboda yenye abiria inapenya upande wa kushoto, mahali ambapo pua ya gari hilo imekwisha kuelekea.

Kwa wapita njia hayo ni mambo ya kuchekesha, na vijiwe vya mtaani havikosi utani juu yake. Hata hivyo, ndani ya tukio hilo la sekunde chache yamo masuala ya uhandisi, ya sheria, ya bima na ya usalama wa watu wasiohusika kabisa na uamuzi wa mwenye gari. Makala haya yanaangalia uamuzi huo wenyewe: mmiliki anachagua nini hasa anapobadilisha rimu za kiwandani kwa kubwa zaidi, anachagua nini anaposhusha gari, na kwa nini kuyafanya yote mawili kwa pamoja ni jambo tofauti na kufanya moja peke yake.

Ieleweke mapema kwamba hakuna anayetaka kijana aliyenunua gari kwa jasho lake asilipambe. Gari lenye rimu nzuri lina mvuto, na biashara ya rimu, matairi na vipuri kuanzia Kariakoo na Gerezani hadi mikoani inaendesha maisha ya familia nyingi. Tena, Watanzania wanaonyanyua magari yao kwa kuweka spesa ili yaweze kupita kwenye barabara mbovu pengine ni wengi kuliko wanaoyashusha, nao wana matatizo yao. Suala ni kujua kinachotolewa gari linapobadilishwa, kwa sababu hakuna badiliko la magurudumu lisilotoa kitu.

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea nchini yaliingia yakiwa yametumika nchini Japani. Huko, kushusha gari na kulivisha rimu kubwa ni utamaduni wa miaka mingi, wenye viwanda vyake na kanuni zake. Kanuni za ukaguzi wa magari za Japani zinataka sehemu ya chini ya gari iwe angalau sentimita 9 kutoka ardhini, na matairi hayaruhusiwi kujitokeza nje ya bodi kiholela. Rimu za aloi zinazokidhi kiwango cha huko hupigwa chapa ya JWL. Baadhi ya magari hufika katika Bandari ya Dar es Salaam yakiwa yamekwisha kubadilishwa namna hiyo, na mnunuzi wa hapa huyapokea akidhani ndivyo yalivyotoka kiwandani.

Sentimita 9 ni pungufu ya urefu wa kalamu ya kawaida. Katika barabara laini ya mji wa Japani kiasi hicho kinatosha. Katika nchi ambayo mtandao wa barabara zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) una zaidi ya kilomita 144,000, sehemu kubwa ikiwa ni changarawe na udongo, na ambako hata barabara za lami zina matuta kila penye shule, soko na kijiji, kiasi hicho hicho kina maana nyingine kabisa. Gari ni lile lile na rimu ni zile zile, ila zimehama nchi.

Mfano mzuri wa kuanzia ni Toyota Crown ya kizazi cha mwaka 2003 hadi 2008, gari linalopendwa sana na vijana nchini. Kiwanda chenyewe kilitoa gari hilo katika sura mbili kuu. Royal Saloon, lililolenga utulivu, lilivaa matairi ya 215/60R16. Athlete, lililolenga wepesi na mwonekano wa kimichezo, lilivaa matairi ya 225/45R18. Wengi huyaona maandishi hayo ubavuni mwa tairi bila kuyasoma, ilhali ndiyo msingi wa hesabu yote. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia: inaonyesha kimo cha ubavu wa tairi ukilinganisha na upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Ukipiga hesabu, tairi la Royal Saloon lina ubavu wa milimita 129, na kipenyo chote cha gurudumu kutoka juu hadi chini ni takribani milimita 664. Tairi la Athlete lina ubavu wa milimita 101, na kipenyo chote ni takribani milimita 660. Rimu imeongezeka inchi mbili nzima, lakini gurudumu zima halijabadilika hata kwa nusu sentimita. Wahandisi walichukua nafasi iliyokuwa ya mpira na hewa wakaijaza chuma. Kwa kuwa walijua wamepunguza mto wa hewa, waliandaa Athlete kwa springi na shokapu zilizopangwa kwa matairi hayo. Rimu kubwa ya kiwandani, kwa hiyo, ni sehemu ya mpango mzima, na haikuwekwa kwa ajili ya pambo peke yake.

Kanuni inayofuatwa na mafundi makini duniani kote inatokana na mantiki hiyo: rimu ikiongezwa, ubavu wa tairi upunguzwe kwa kadiri ambayo kipenyo chote kitabaki karibu na cha awali. Tofauti ya asilimia 1 au 2 huvumilika. Gari lililotoka na 195/65R15, ukubwa unaotumika katika saluni nyingi za Kijapani, lina gurudumu la milimita 634 na ushee. Likivishwa 215/45R17 kipenyo kinakuwa takribani milimita 625, pungufu kwa karibu asilimia 1.5, na mambo yanakwenda. Lakini mwenye gari hilo akiuziwa 225/55R17 kwa sababu tu ndizo zilizokuwapo dukani, gurudumu linakuwa milimita 679, ongezeko la asilimia 7. Tairi litaanza kugusa upindo wa bodi kila stelingi inapokatwa. Aidha, kama awali kipimo cha mwendo kilikuwa sahihi, sindano ikisoma kilomita 80 kwa saa gari litakuwa linakwenda karibu 86, na katika eneo la makazi lenye ukomo wa 50 litakuwa linakwenda 53 na nusu. Dereva ataapa mbele ya askari kwamba hakuzidisha mwendo, naye atakuwa anasema kile alichokiona.

Hadi hapo, rimu kubwa iliyochaguliwa kwa hesabu si adui. Adui anaanza kujitokeza pale mmiliki asiporidhika na inchi 18 za kiwandani akaenda inchi 20. Kwa Crown, tairi la 245/30R20 lina kipenyo kinachokubalika, takribani milimita 655, lakini ubavu wake ni milimita 73 tu. Ukilinganisha na milimita 129 za Royal Saloon, zaidi ya asilimia 40 ya mto wa hewa imeondoka. Mto huo ndio unaopokea kishindo cha kwanza cha shimo kabla hakijafika kwenye chuma. Ubavu ukiwa mfupi kiasi hicho, ukingo wa shimo hubana mpira dhidi ya rimu, nyuzi za ndani hukatika, na baada ya siku chache uvimbe kama nundu hutokea ubavuni. Tairi lenye nundu haliponi. Linangoja safari ndefu na lami yenye joto.

Sasa tuje kwenye kushusha. Gari hukaa juu ya springi, na kati ya gurudumu na bodi kuna nafasi iliyoachwa kwa makusudi ili gurudumu liweze kupanda linapokutana na tuta au shimo. Kwa gari la kawaida la saluni nafasi hiyo huwa takribani sentimita 8 hadi 10 kabla gurudumu halijafika mwisho na kugonga mpira wa kizuizi. Wakipanda watu wanne na mizigo yao, sentimita 3 hivi huwa zimekwisha kutumika kabla gari halijatoka nyumbani. Mmiliki akilishusha kwa sentimita 5, inabaki nafasi isiyozidi unene wa vidole viwili. Gari la namna hiyo likiwa na mzigo halina tena springi katika maana halisi. Lina chuma kinachogonga mpira, na baada ya mpira, bodi.

Hapa ndipo hoja ya msingi ilipo. Gari lina akiba mbili dhidi ya ubaya wa barabara: hewa iliyo ndani ya tairi, na nafasi ya springi kucheza. Rimu kubwa inakopa kutoka akiba ya kwanza. Kushusha gari kunakopa kutoka akiba ya pili. Mwenye rimu kubwa na springi za kiwandani bado ana pa kukimbilia, na mwenye springi fupi na tairi nene bado ana kitu cha kumkinga. Anayefanya yote mawili amemaliza akiba zote katika nchi ambayo barabara zake zinadai kila siku. Cha kusikitisha ni kwamba mambo haya mawili huuzwa pamoja kama pacha, kwa sababu rimu kubwa haipendezi machoni kama juu yake kuna pengo, na pengo huondolewa kwa kushusha.

Namna ya kushusha nayo ina tofauti kubwa. Njia ya heshima ni kununua seti ya springi fupi zilizotengenezwa kwa gari husika pamoja na shokapu zinazolingana nazo, au mfumo wa springi na shokapu unaoweza kurekebishwa kimo. Ni ghali, na hata hivyo haurudishi nafasi iliyotolewa, ila unaifanya iliyobaki ifanye kazi vizuri. Njia ya mkato, ambayo ndiyo iliyoenea katika gereji nyingi za uchochoroni, ni kukata springi kwa mashine ya kukatia vyuma, au kuipasha moto hadi ilegee na kuzama.

Kukata springi kuna matokeo ambayo fundi wa mkato hayasemi, pengine kwa kuwa hayajui. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ikikatwa mmoja, huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, wakati shokapu imebaki ile ile iliyopangwa kwa springi laini. Gari huanza kurukaruka, na gurudumu hupoteza mshiko na barabara kwa vipindi vifupi, jambo ambalo dereva hulihisi siku atakapokanyaga breki kwa nguvu kwenye lami yenye viraka. Zaidi ya hayo, ncha ya springi iliyokatwa haikai sawasawa katika kikalio chake, na gurudumu likining'inia, kwa mfano gari linaporuka tuta, springi inaweza kuchomoka mahali pake. Springi iliyopashwa moto ni mbaya zaidi, kwa sababu chuma kilichopoteza ukakamavu wake huendelea kuzama, na siku moja huvunjika.

Kuna magari ambayo hayastahili lawama hii, na haki itendeke kwao. Baadhi ya Crown Majesta zinazoonekana zimelala barabarani hazikushushwa na mtu. Zilitoka kiwandani na springi za hewa, na mifuko ya hewa imechoka. Mwenye gari huenda anahangaika kutafuta kipuri huku majirani wakimsifu kwa mtindo.

Baada ya gari kushushwa, pembe za magurudumu hubadilika zenyewe. Magurudumu huinama kwa ndani, na matairi huanza kula upande usioonekana. Mmiliki hutazama nje akaona kashata bado ziko juu, kumbe upande wa ndani nyuzi zimeanza kutokeza. Alaimenti baada ya kushusha ni ya lazima, na si kila gari lina uwezo wa kurekebishwa hadi likarudi kwenye vipimo vya kiwanda bila vipuri vya ziada. Taa za mbele nazo huelekea pengine tofauti na zilikopangwa, hasa gari linaposhushwa mbele zaidi kuliko nyuma. Bushi na bol-joint huchoka mapema. Sampu ya oili, ambayo ndiyo sehemu ya chini kabisa katika magari mengi, huwa ya kwanza kukutana na tuta, na injini isiyo na oili haiendi mbali.

Yapo mambo mengine madogo kwa kuyataja lakini makubwa kwa matokeo. Rimu ina kipimo kinachoandikwa ET, kinachoonyesha gurudumu litakaa ndani au nje kiasi gani. Rimu ya ET 20 ikiwekwa mahali pa ET 45, gurudumu linasogea nje kwa milimita 25, na beringi hubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Spesa za bei nafuu hufanya jambo hilo hilo. Tairi nalo lina namba ya uwezo wa kubeba. Namba 91 ina maana ya kilo 615 kwa tairi moja, na 84 ina maana ya kilo 500. Mnunuzi aliyetoka kwenye 91 akapewa 84 amepoteza zaidi ya kilo 450 za uwezo kwa gari zima bila mtu yeyote kumwambia. Katika breki kali, uzito huhamia matairi mawili ya mbele, na hapo ndipo upungufu hudaiwa. Kwa wanaonunua matairi ya mtumba, na matairi membamba ya inchi kubwa mengi ni ya mtumba kwa kuwa mapya ni ghali, tarakimu nne za mwisho zilizo baada ya herufi DOT hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kuzisoma kunachukua dakika moja.

Nani basi hulipa? Kwa sehemu ni mwenye gari, na hilo ni shauri lake. Lakini gari linalosimama ghafla mbele ya shimo ambalo magari mengine hupita bila kujali, au linalokwepa kwa kuingia upande wa pili wa barabara, humshtua dereva wa nyuma na humtupa mwendesha bodaboda. Abiria wa teksi mtandao aliyeita usafiri kwa simu hakuulizwa kama yuko tayari kupanda gari lenye springi zilizokatwa. Mtoto aliyekaa nyuma wakati familia inakwenda kijijini kwa sikukuu za mwisho wa mwaka hakuulizwa pia, na safari hizo ndizo ambazo gari hubeba mzigo wote, kwa kasi yote, kwa saa nyingi za joto.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haimkatazi mtu kuwa na rimu anazozipenda. Inachokataza ni kuendesha gari barabarani likiwa katika hali inayohatarisha watumiaji wengine, na inampa askari uwezo wa kulikagua. Ugumu uko katika utekelezaji. Ukaguzi wa barabarani huanza na kinachoonekana: taa, kashata za matairi, kioo kilichopasuka. Springi iliyokatwa imejificha nyuma ya rimu, na kuiona kunahitaji gari linyanyuliwe. Faini iliyozoeleka ya Shilingi 30,000 ni ndogo kuliko bei ya tairi moja jipya la inchi 18. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, wiki ya usalama barabarani ambayo magari hupimwa na kubandikwa stika ingekuwa na faida zaidi kama gari lililoshushwa lingenyanyuliwa jeki na kutazamwa chini, japo kwa dakika tano.

Nchi nyingine zimechagua njia ya kibali. Nchini Ujerumani, rimu na springi za kubadilishia huhitaji kuwa na hati ya kuidhinishwa kwa gari husika au kupimwa na mtaalamu aliyeruhusiwa, na mabadiliko hatarishi yasiyo na kibali hulifanya gari lipoteze ruhusa ya kutumika barabarani. Mfumo wa namna hiyo unadai maabara, wataalamu na gharama, na si jambo la kuhamishia hapa kwa usiku mmoja. Lakini chembe moja ya mfumo huo inawezekana hata leo: muuzaji wa rimu kumwandikia mnunuzi katika risiti ukubwa wa rimu, ET, ukubwa wa tairi na uwezo wake wa kubeba. Risiti nyingi za sasa huandikwa "rimu seti moja", basi.

Suala la bima husahaulika hadi siku ya ajali. Bima ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlinda mtu wa tatu, yaani ile inayoitwa mtaani bima ndogo. Mwenye bima kubwa, inayolinda na gari lake, amejaza fomu inayolieleza gari hilo, na mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa maelezo hayo. Badiliko la mfumo wa springi na magurudumu ni jambo ambalo kampuni ya bima ina haki ya kulijua kabla ya kukadiria hatari. Barua fupi ya taarifa yenye muhuri wa kupokelewa huondoa mabishano mengi baadaye. Pia mwenye gari anaweza kuomba rimu zenyewe zithaminiwe na kuingizwa, kwa kuwa zinaweza kuwa na thamani kubwa.

Haki inadai pia kusema kwamba matuta yenyewe si yote yanayotendea magari haki. Yapo matuta yaliyojengwa na wananchi wenyewe kwa udongo na zege baada ya mtoto kugongwa, yasiyo na alama wala rangi, na yenye mwinuko mkali ambao hata gari la kiwandani huugusa. Mwenye gari lililoshushwa akilalamikia tuta la namna hiyo ana hoja. Lakini tuta hilo lipo leo, na ataliendea leo.

Mwandishi wa makala haya hasemi kwa nadharia tupu. Gari alilolinunua kwa mtu, Crown Athlete nyeupe yenye rimu nzuri, lilikuwa limeshushwa, na muuzaji alisifu jinsi "linavyokaa chini kwenye kona". Mjini lilipendeza. Katika safari ya usiku kwenda Dodoma, likiwa na ndugu watatu na magunia mawili, lilikutana na tuta karibu na Kibaigwa kwa mwendo ambao gari jingine lingepita na kuitikisa tu shingo ya abiria. Kishindo kilisikika chini, kisha taa nyekundu ya oili ikawaka. Injini ilizimwa mapema, na hiyo ndiyo bahati pekee ya usiku ule. Asubuhi, gari likiwa juu ya mawe mawili katika gereji, fundi alionyesha sampu iliyopasuka, rimu moja iliyopinda ukingo, na tairi lililoanza kuvimba. Halafu akaingiza mkono nyuma ya gurudumu na kugusa ncha ya springi. Ilikuwa kali kama ya bati lililokatwa. Springi zote nne zilikuwa hivyo. Aliuliza za kiwandani ziko wapi, kwani kwa desturi mtu huzihifadhi, na jibu halikuwapo, kwa kuwa muuzaji alikwisha kuziuza kama chuma chakavu.

Zilipatikana wiki tatu baadaye huko Gerezani, zimetolewa katika Athlete nyingine iliyogongwa ubavuni na kufanywa vipuri, pamoja na shokapu zake za mbele zilizokuwa bado nzima. Kazi ya kuzifunga ilichukua nusu siku, na alaimenti saa moja. Rimu za inchi 18 hazikuguswa, isipokuwa ile iliyopinda, ambayo ilibadilishwa, na matairi yakawa ya 225/45 kama kiwanda kilivyoandika. Jirani mmoja, kijana anayejua magari, alilitazama likiwa limesimama juu zaidi kwa karibu sentimita 5, akasema kwa masikitiko kwamba sasa linaonekana kama gari la mzee wa kanisa. Mtaani kuna matuta manne kutoka barabara kuu hadi nyumbani. Siku hizi linayavuka yote kwa kunyooka.